Kodi ya nyumba inayolipwa na mwajiri: nani hasa mwenye deni?



Suala la leo lilinifikia kwa simu kutoka kwa shangazi yangu, mjane, ambaye riziki yake kwa sehemu kubwa ni kodi ya vyumba viwili. Nilipolitafakari niliona si lake peke yake. Hapa mjini Waislamu wengi tunamiliki nyumba za urithi au tulizojenga kwa tabu, na tunapenda kumpata mpangaji ambaye "analipiwa na kampuni". Dalali akikutajia sifa hiyo, husikilizi tena jingine. Tunadhani tumepata mpangaji na mdhamini kwa mpigo mmoja. Mara nyingi hatujapata hata mmoja kwa uhakika, na sababu ni kwamba hatukuuliza tunapangishana na nani.

Kilichotokea Kigwa

Nyumba iko Kigwa, wilaya ya Uyui, mashariki ya Tabora mjini. Msomaji wa Dar es Salaam huenda hapajui, lakini ni mahali pa zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kufuata pembe ilipita Kigwa kabla ya kuingia Kaze, ndiyo Tabora ya leo. Akina Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Wapagazi wa msafara walikuwa wakila posho ya mwenye msafara, iliyolipwa kwa vitambaa na shanga kwa wenye vijiji. Kwa hiyo mtu kula na kulala kwa gharama ya aliyemwajiri si jambo lililoletwa na makampuni ya leo, na bila shaka ugomvi wa nani alipe posho iliyokwisha kuliwa nao ulikuwepo.

Leo uchumi wa maeneo yale ni tumbaku. Makampuni yanayonunua huwaweka maofisa wao vijijini kuanzia wakati wa vitalu hadi masoko. Mmoja wao alifika kwa shangazi mwezi wa kumi, kijana mstaarabu, akapanga vyumba viwili kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Alisema kampuni italipa. Waliandikiana kwenye daftari la shule mistari mitatu: fulani amempangisha fulani, kodi ni kiasi hiki, italipwa na kampuni. Wakatia sahihi wao wawili na jirani mmoja kuwa shahidi. Hapakuwa na barua wala muhuri wa kampuni.

Miezi sita ya mwanzo ililipwa benki kwa mkupuo. Kisha Aprili, Mei na Juni ikapita kimya. Kila akiulizwa, kijana alijibu kuwa ameshapeleka madai ofisini. Mwisho wa Juni mkataba wake wa kazi ya msimu ukaisha, akaanza kufunga mizigo. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, akatia kufuli mlangoni. Ndani ya chumba mlikuwa na godoro, redio na nguo; nje ilikuwepo pikipiki ya kampuni. Akasema havitoki mpaka shilingi 180,000 zipatikane.

Shangazi akanipigia. Alikuwa na maswali mawili. La kwanza: je, ana haki ya kuzuia vitu vile? La pili alilisema kwa sauti ya chini: kuna mtu amemwambia msikitini kuwa kodi yote aliyokwisha kula ni haramu, kwa kuwa ni fedha ya tumbaku.

Mkataba ni wa nani?

Tuanze na msingi. Kupangisha nyumba katika sheria yetu ni ijara, yaani kuuza manfaa ya kitu kwa muda unaojulikana na kwa ujira unaojulikana. Ijara ina pande mbili: mwenye nyumba na aliyeikodi. Anayekuja kutoa fedha mfukoni si lazima awe mmoja wao. Mtu anaweza kumlipia ndugu yake deni na malipo yakasihi, lakini kwa kulipa huko peke yake hajawa yeye mpangaji. Allah (SW) katika aya ya kwanza ya Suratul Maida anatuamuru tutimize mikataba, na huwezi kumtaka mtu atimize mkataba ambao hakuufunga.

Mwajiri anapolipa, kuna sura tatu ambazo watu huzichanganya.

Sura moja ni ile ambayo kampuni yenyewe inakodi nyumba. Jina lake limo kwenye mkataba, ofisa wake ametia sahihi, na mfanyakazi anakaa tu kwa idhini yake. Hapa mpangaji ni kampuni. Mfanyakazi akihamishwa kesho akaletwa mwingine, ijara haijavunjika. Kodi isipolipwa, unaidai kampuni, na kijana aliyemo ndani hana deni lako hata senti moja. Akivunja dirisha kwa uzembe, hilo ni lake kwa kuwa ameharibu, na kampuni nayo itajibu kwa kadiri ya masharti mliyoandikiana.

Sura ya pili ni posho ya nyumba inayoingizwa ndani ya mshahara. Hii ni nyepesi. Fedha ikishaingia kwake ni yake, deni ni lake, na mwajiri hahusiki.

Sura ya tatu ndiyo ya Kigwa, na ndiyo yenye matatizo: mfanyakazi anakodi kwa jina lake, lakini mwajiri ameahidi kulipa moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Hapa lazima tuulize ahadi hiyo ni kitu gani. Je, ni hawala, au ni dhamana, au ni wema tu?

Hawala ni kuhamisha deni. Wewe unanidai, nami namdai mtu wa tatu, nakuelekeza kwake ukachukue haki yako. Imepokelewa na Abu Huraira (RA), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (SAW) ameuita ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhulma, na akaelekeza kuwa mtu akihamishiwa kwa mwenye uwezo akubali. Hadithi hiyo moja imebeba mambo yetu yote mawili, hawala na ucheleweshaji. Lakini msomaji aangalie hatari iliyomo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, hawala ikishatimia, mdaiwa wa kwanza ametoka. Hata yule wa pili akifilisika au akikana, huwezi kumrudia wa kwanza. Mahanafi wanaruhusu kumrudia iwapo haki imepotea kwa namna hiyo. Kwetu mlango umefungwa. Kwa hiyo mwenye nyumba anayemwambia mpangaji mbele ya mashahidi, "basi wewe huna deni, nitaidai kampuni," ajue amesema jambo zito.

Je, shangazi alikubali hawala? Nilimsomesha yale maneno ya daftari mara mbili. Hayasemi kuwa kijana ameondolewa deni. Tena, hawala inataka anayehamishiwa awe anadaiwa na yule anayehamisha. Mwezi wa kumi, siku walipoandikiana, kijana alikuwa hajafanya hata siku moja ya kazi iliyostahili kodi ya Aprili. Alikuwa haidai kampuni chochote kwa mwezi huo. Basi hapakuwa na deni la kuhamisha.

Ingekuwa dhamana je? Dhamana ni nzuri zaidi kwa mwenye nyumba, kwa kuwa mdai ana hiari kumdai mdaiwa mwenyewe au mdhamini wake. Lakini dhamana haisimami kwa kauli ya mdhaminiwa. Ni lazima mdhamini mwenyewe aseme au aandike. Kampuni haikuandika kitu.

Kwa hiyo jibu ni kwamba mpangaji ni kijana, deni ni la kijana, na kampuni ilikuwa ikimlipia. Iwapo kampuni imemvunjia ahadi, ana haki ya kuidai, na haki hiyo ni nzito. Bukhari amepokea hadithi ambayo Allah (SW) anajitaja kuwa mgomvi wa watu watatu siku ya Kiyama, mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akamfanyisha kazi, kisha asimpe ujira wake. Lakini ugomvi huo ni wa kijana na mwajiri wake. Shangazi anamdai aliyefunga naye mkataba.

Godoro na pikipiki

Binamu yangu alifurahi kusikia hivyo. Akasema, basi kufuli libaki.

Sivyo. Kwanza, pikipiki. Kama mdaiwa ni kijana, pikipiki ni mali ya mtu mwingine iliyo mikononi mwake kwa amana. Kumzuilia kampuni mali yake kwa deni ambalo tumekwisha sema si la kampuni ni kula mali ya watu kwa batili, na aya ya 29 ya Suratun Nisaa imelikataza. Angalia jinsi jambo lilivyo: angekuwa anaamini mdaiwa ni kampuni, basi godoro ndilo lisingemhusu. Yeye alikamata vyote viwili, na kwa vyovyote vile kimoja kilikuwa cha asiyedaiwa.

Godoro lina maelezo zaidi. Ni kweli mafaqihi wa Kishafi wamesema mtu aliyenyimwa haki yake anaweza kujichukulia kwa kadiri ya haki hiyo, na dalili yao ni hadithi ya Hindu bint Utba (RA), aliyemlalamikia Mtume (SAW) kuwa mumewe Abu Sufyan hampi matumizi ya kutosha, naye akamruhusu achukue kwa wema kinachomtosha yeye na mwanawe. Lakini hiyo ni kwa mdaiwa anayekana au anayezuia. Kijana wetu hakukana hata siku moja. Anayekiri deni lake na anafikika hukamatiwi godoro. Unamdai, akishindwa unampeleka kwa hakimu. Kwa Kigwa hakimu huyo ni Mahakama ya Mwanzo, na kabla yake wapo wazee na imamu wa msikiti. Na sheria ya nchi nayo haimruhusu mwenye nyumba kujifanya dalali wa mahakama nyumbani kwake.

Nakiri kwamba binamu yangu hakupenda maneno haya. Aliniuliza kama mimi naishi kwa kodi ya vyumba viwili. Siishi hivyo. Lakini kufuli liliondolewa.

Risiti ya laki moja

Katika mazungumzo shangazi alinieleza jambo jingine kwa kupitia tu, nami naona ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Wakati wa kuandikiana, mtu mmoja aliyekuwepo alimshauri aandike kodi kuwa 100,000 badala ya 60,000. Kampuni italipa laki, yeye achukue sitini zake, na arobaini wagawane kijana na mshauri. Shangazi alikataa kwa sababu moja tu: aliogopa kuandika uongo kwenye daftari ambalo mjukuu wake anaandikia mas-ala ya madrasa.

Ndugu zangu, hili limeenea mijini kiasi kwamba halihesabiwi tena kuwa dhambi. Mpangaji anakuja na karatasi ya ofisini, anasema, "Mzee, niandikie kidogo juu, wewe hupungukiwi kitu." Kwa miezi sita, arobaini hiyo ni shilingi 240,000 zilizotoka kwa mwajiri kwa sahihi ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba hakuchukua hata shilingi, na bado ndiye aliyeandika. Huyo ni shahidi wa uongo na msaidizi wa khiyana kwa pamoja, na aya ya pili ya Suratul Maida inatukataza kusaidiana katika dhambi na uadui.

Wapo wanaojitetea kuwa ziada ni zawadi kwa mfanyakazi. Wasome kisa cha Ibn al-Lutbiyya, kilichopokelewa na Abu Humaid as-Saidi (RA). Alitumwa kukusanya zaka, akarudi akisema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa. Mtume (SAW) alipanda mimbari akauliza, mbona asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi itamfuata. Hiyo arobaini isingemfuata kijana kama asingekuwa amebeba fedha ya mwajiri.

Je, ni haramu kumtoza mwajiri zaidi ya unavyomtoza mtu wa kawaida? Hilo ni jingine. Bei ni maridhiano. Kampuni ikiambiwa wazi kuwa kodi ni 80,000 na ikakubali, hapana ubaya. Ubaya ni karatasi kusema neno na mikono kufanya jingine.

Na kuna makato ambayo wenye nyumba wengi huyadhania wizi. Kampuni inapolipa pango, sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2004 inaitaka ikate asilimia 10 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. (Kiswahili chetu kinayaita yote mawili kodi, na hapo ndipo ugomvi huanzia.) Kwa 60,000 utapata 54,000, na kwa miezi sita ya mwanzo shangazi alipata 324,000 badala ya 360,000. Alidhani kijana amezila 36,000. Kumbe hakuzila. Linalotakiwa ni kudai hati ya makato hayo, kwa kuwa ni kodi iliyolipwa kwa jina lako, na kuandika katika mkataba kuwa kiwango kilichotajwa ni kabla ya makato au baada yake. Na yule anayeandika laki kwa nyumba ya sitini afikiri vizuri: serikalini ameandikwa kuwa na pato ambalo hakulipata.

Fedha ya tumbaku

Sasa lile swali la msikitini. Wanavyuoni wametofautiana kuhusu tumbaku tangu ilipoingia nchi za Waislamu: wapo walioiona makruhu, na wengi wa zama hizi, baada ya madhara yake kuthibiti, wameiharamisha. Tuseme tumechukua kauli ya uharamu. Je, kodi ya shangazi imeharamika? Swali hili ndilo lile lile la Muislamu wa Kariakoo au Ilala anayempangisha mfanyakazi wa benki ya riba au wa kiwanda cha bia.

Hapa tutenganishe kinachouzwa na fedha inayolipwa. Shangazi ameuza makazi. Kijana amelala, amepika, ameoga. Hayo ni halali. Ingekuwa nyumba imekodiwa kuwa ghala la bia au ofisi ya kukopesha kwa riba, hukumu ingebadilika, kwani hapo nyumba yenyewe imekuwa chombo cha maasi. Imam Abu Hanifa amenukuliwa kuwa na wepesi hata katika hilo, lakini wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, walimkhalifu, na sioni kwa nini sisi tutafute upenyo ambao wanafunzi wake mwenyewe waliukataa.

Ama fedha, mwenye mali iliyochanganyika, halali na haramu, inajuzu kuamiliana naye madhali hujui kuwa kile hasa anachokupa ndicho cha haramu. Mtume (SAW) alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Yahudi wa Madina kwa shayiri aliyoichukua kwa ajili ya watu wake, kama alivyosimulia Bi Aisha (RA), ilhali Qur'an katika Suratun Nisaa, aya ya 161, imewataja Mayahudi kwa kula riba. Na kama haramu ndiyo iliyo nyingi? Imam Ghazali alishikilia kuwa hapo ni haramu. Imam Nawawi katika al-Majmu' akasema lililo mashuhuri katika madhehebu ni makruhu, si haramu. Mwenye uwezo wa kuchagua mpangaji na achague, ndiyo uchamungu. Lakini kumwambia mjane wa Kigwa, mahali ambapo karibu kila shilingi inayozunguka imepita kwenye banda la tumbaku, kuwa amekula haramu miezi sita, ni kumtwika asichotwikwa na wanavyuoni wa madhehebu yake. Aliyemwambia hivyo angeanza kwa kumuuliza anakula nini.

Mwisho wa shauri

Imamu wa pale aliwakalisha. Kijana alikiri deni. Alieleza kuwa malipo yake ya mwisho hayajatoka, na shangazi akampa muda hadi mwisho wa Agosti, kwa mujibu wa aya ya 280 ya Suratul Baqara, inayotaka mwenye dhiki asubiriwe. Akaondoka na godoro lake, na pikipiki akairejesha ofisini. Agosti alituma 120,000 kwa simu, ya miezi miwili, akaomba radhi kwa uliobaki.

Mwezi wa tisa, bila taarifa, benki ikapokea fedha kutoka kampuni: 162,000, yaani miezi yote mitatu baada ya kukatwa 18,000. Binamu yangu akasema ile 120,000 ibaki kuwa fidia ya usumbufu. Shangazi alinipigia tena. Nikamwambia deni lilikuwa 180,000 na limelipwa lote, hata hiyo 18,000 imelipwa kwa jina lake. Ucheleweshaji ni dhulma, lakini kuugeuza kuwa fedha juu ya deni ndiyo riba yenyewe. Ile 120,000 sasa ni amana ya kijana iliyo mkononi mwake.

Aliirudisha siku ile ile. Alikuwa amebakisha swali moja: gharama ya kutuma ikatwe kwenye fedha ya kijana au atoe yeye? Nilimjibu kuwa kijana akiridhia anaweza kuikata. Akasema kumpigia kumuuliza nako kunakula vocha, akailipa mwenyewe.

Mpangaji aliyeingia Oktoba naye analipiwa na kampuni. Safari hii mkataba una muhuri, na imeandikwa kampuni imedhamini.